Kikokotoo kikibadilishwa katikati ya utumishi: sheria inamlinda mtumishi hadi wapi?

Mwalimu wa Muheza

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi wa sheria na mafao, hasa watumishi na wastaafu wa mkoa wetu wa Tanga.

Mtumishi ameajiriwa Julai 1996, mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tangu ulipoanza, sasa PSSSF. Anastaafu kwa lazima Julai 2026, yaani miezi 360 ya utumishi. Wastani wa mshahara wake kwa kikokotoo, yaani hesabu inayotumika kupanga mafao ya kustaafu, ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Alipoingia kazini kikokotoo kilikuwa kingine, na kimeguswa zaidi ya mara moja kabla hajafika mwisho.

Kwenye vyumba vya walimu, kuanzia Muheza mpaka Pangani, kuna kauli mbili. Wa kwanza wanasema Serikali ikishapitisha imepita, hakuna mahakama itakayoigusa. Wa pili wanasema mkataba ni mkataba, kikokotoo cha siku ya kuajiriwa ndicho kinachotakiwa kulipwa. Nani yuko sahihi? Je, kikokotoo kinaweza kuguswa na Waziri kwa kanuni tu, au lazima Bunge? Na ile miaka ya kabla ya Julai 1999, ambayo hatukukatwa mchango, iko salama?

Naomba majibu yenye vifungu na hesabu.

---

Wakili wa Chumbageni

Mwalimu, kauli zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali tofauti. Nitaanza na ile ya mkataba kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi.

Barua ya ajira ya mtumishi wa umma haitaji kikokotoo. Inasema ajira ni ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, na kwamba utafuata sheria, kanuni na taratibu za utumishi zilizopo na zitakazotolewa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito sana. Mafao yako yanatokana na sheria, na yamekuwa hivyo tangu enzi za pensheni ya zamani, kisha Sheria Na. 2 ya mwaka 1999 iliyounda PSPF, na sasa Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, Sura ya 371, iliyotungwa 2018 na kuanza kutumika Agosti mwaka huo kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Haki iliyoletwa na sheria, sheria nyingine inaweza kuibadilisha. Ukienda mahakamani na hoja ya mkataba peke yake utarudi mapema.

Angalia ni nani Katiba imewalinda waziwazi. Ibara ya 142 inasema mshahara na masharti ya kazi ya wenye madaraka inaowataja, yaani Rais, majaji wa Mahakama ya Rufani, majaji wa Mahakama Kuu na Mkaguzi Mkuu, havitabadilishwa kwa namna ya kupunguza maslahi yao baada ya kuteuliwa, na pensheni zao zinatoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Mwalimu, muuguzi wa hospitali ya Bombo na mtendaji wa kata hawamo. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, lakini imo katika ile sehemu ya malengo muhimu ya taifa, na ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kuamua mashauri juu ya utekelezaji wa sehemu hiyo. Kwa hiyo usiifanye ibara ya 11 kuwa mguu mkuu wa kesi. Itaje kwa kusaidia tafsiri tu.

Sasa kauli ya "imepita". Nayo si kweli, kwa sababu kuna kuta tatu.

Ukuta wa kwanza ni Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 32. Sheria ikifutwa, kufutwa huko hakugusi haki ambayo mtu alikwisha kuipata chini ya ile ya zamani, isipokuwa sheria mpya iwe imesema vinginevyo. Haki iliyokwisha kuiva inahitaji maneno ya Bunge yaliyo wazi ili iondoke. Ukimya wa sheria mpya unamnufaisha mtumishi.

Ukuta wa pili ni ibara ya 24 ya Katiba, haki ya mali. Hakuna kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Serikali itajibu kwamba pensheni ambayo haijaanza kulipwa si mali. Hapo ndipo shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililoripotiwa katika juzuu ya 1995, linaposaidia. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilikubali kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi, isiyo na hati yoyote, ni mali inayolindwa na ibara hiyo, na ikakataa sheria iliyowanyima watu haki hizo bila fidia inayostahili. Halikuwa shauri la pensheni, lakini limeupanua mlango. Mtu aliyetoa mchango wake kila mwezi na kutimiza miezi 180 ya chini kabisa inayotakiwa ana hoja nzito kuliko aliyetimiza miezi 40.

Ukuta wa tatu ni kipimo cha ibara ya 30(2). Serikali inaruhusiwa kubana haki kwa maslahi ya umma, lakini katika Kukutia Ole Pumbun, shauri la 1993, Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayobana haki lazima isiwe ya kionevu, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo lake. Uhai wa mfuko ni lengo halali, hakuna jaji atakayelikataa. Mvutano utakuwa juu ya kiasi.

Ukiziweka pamoja, unapata makundi matatu. Aliyestaafu na anayelipwa ana ulinzi mkubwa kabisa, kumpunguzia pensheni iliyokwisha kukokotolewa ni kugusa mali yake. Miezi ambayo mtumishi ameshaitumikia iko katikati, na ndiko mabishano yaliko. Miezi ambayo bado hajaitumikia haina ulinzi wa maana. Serikali inaweza kusema kesho kwamba kuanzia mwaka ujao kila mwezi utahesabiwa kwa kiwango kingine, na sioni kesi hapo.

---

Hesabu za Ngamiani

Wakili ameweka msingi. Naomba niweke namba, kwa sababu watu wanapigania asilimia na kuziacha namba nyingine mbili zinazowaumiza zaidi.

Kikokotoo kina sehemu tatu zinazoweza kuguswa. Kigawanyo (540 au 580), kizidisho cha mkupuo, yaani fedha zinazolipwa kwa pamoja unapostaafu (15.5 au 12.5), na asilimia ya mkupuo. Pensheni kamili ya mwaka ni miezi ya utumishi ukigawa kwa kigawanyo, ukizidisha kwa mshahara wa mwaka. Mkupuo ni pensheni hiyo kamili mara asilimia mara kizidisho. Asilimia inayobaki inagawanywa kwa 12 kupata pensheni ya mwezi.

Mfano wa Mwalimu: mshahara wa mwaka 14,400,000, miezi 360.

Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF (540, 15.5, asilimia 50): pensheni kamili 9,600,000 kwa mwaka. Mkupuo 74,400,000. Kwa mwezi 400,000.

Kwa utaratibu wa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 (580, 12.5, asilimia 33): pensheni kamili 8,937,931. Mkupuo 36,868,966. Kwa mwezi 499,034.

Kwa mabadiliko ya mwaka wa fedha 2024/25, waliokuwa kwenye asilimia 50 wakashushwa hadi 33 wamepandishwa hadi 40: mkupuo 44,689,655. Kwa mwezi 446,897. Wale waliotoka asilimia 25 kwenda 33 wamewekwa 35.

Sasa tazameni kilichotokea kati ya 33 na 40. Mkupuo umeongezeka kwa 7,820,689 na pensheni ya mwezi imepungua kwa 52,137. Gawanya, unapata miezi 150, yaani miaka 12.5 kamili. Si bahati, ni kwa sababu kizidisho ni 12.5. Kupandisha asilimia peke yake ni kukupa leo fedha ambazo ungezipata kidogo kidogo kwa miaka kumi na miwili na nusu. Anayetarajia kuishi zaidi ya hapo hajaongezewa kitu.

Linganisha na zamani. Mkupuo wa 40 ni pungufu kwa 29,710,345, na nyongeza ya mwezi ni 46,897. Kufidia pengo kwa nyongeza hiyo kunahitaji miezi 633, zaidi ya miaka 52. Mtu wa miaka 60 hafiki. Lakini kama ungeacha 540 na 15.5 zibaki, halafu ukashusha asilimia tu kutoka 50 hadi 40, mkupuo ungekuwa 59,520,000 na pensheni ya mwezi 480,000. Kwa hiyo nusu ya pengo la mkupuo, karibu milioni 15, imetoka kwenye kigawanyo na kizidisho, na huko hakuna anayepiga kelele.

Kwa upande wa sheria hili lina maana. Kushusha asilimia ni kupanga upya wakati wa malipo, na Serikali itasema haijachukua kitu. Kigawanyo kikitoka 540 kwenda 580, pensheni kamili yenyewe inapungua kwa karibu asilimia 7, kwa miezi yote, pamoja na ile iliyotumikiwa mwaka 1996. Kama kuna mahali pa kusema "mmegusa nilichokwisha kukipata", ni pale.

---

Mstaafu wa Pangani

Wanangu, nawashukuru kwa maelezo. Nina swali kwa wakili. Desemba 2018 Rais Magufuli alizuia kile kikokotoo cha mkupuo wa asilimia 25 na akasema cha zamani kiendelee mpaka 2023. Kimebadilishwa Julai 2022. Je, ahadi ya Rais haina nguvu mahakamani?

---

Wakili wa Chumbageni

Shikamoo mzee. Swali lako ni la msingi.

Tamko lile lilitolewa tarehe 28 Desemba 2018. Kisheria linaweza kuzaa kitu kinachoitwa matarajio halali: mamlaka ikitoa ahadi ya wazi kwa kundi la watu, haiwezi kuigeuka bila kuwasikiliza. Lakini matarajio halali yana kikomo. Hayaizuii sheria. Yanachoweza kuzuia ni uamuzi wa kiutawala uliochukuliwa kinyemela. Kikokotoo cha 2022 kilikuja kwa kanuni, baada ya mazungumzo ya utatu, Serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri. Mahakama itauliza: mlisikilizwa? Serikali itatoa mihutasari ya vikao iliyosainiwa na viongozi wa vyama. Hapo hoja ya kutosikilizwa inapungua nguvu sana, hata kama mwanachama wa kawaida wa Pangani hakuulizwa. Ndiyo maana nasema kila mara: kikao cha utatu ni sehemu ya kesi. Mwakilishi wenu akiingia bila tathmini ya takwimu bima, yaani hesabu za kitaalamu za uwezo wa mfuko kulipa, mkononi, na akatoka amekubali kigawanyo, amekubali kwa niaba yenu.

Kuhusu kanuni, Mwalimu aliuliza kama Waziri anaweza peke yake. Kikokotoo hakimo kwenye maandishi ya Sheria yenyewe, kimo kwenye kanuni zinazotungwa na Waziri kwa mamlaka aliyopewa na Sheria. Kanuni lazima ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali, iwekwe mezani bungeni, na isipingane na Sheria mama. Ikivuka mamlaka, inafutwa kwa njia ya mapitio ya kimahakama, yaani Mahakama Kuu kuukagua uhalali wa uamuzi wa Serikali. Njia hiyo ina ufinyu wa muda: unaomba kwanza kibali cha Mahakama Kuu, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na ukipewa kibali una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Watu wanakaa kusubiri mpaka wastaafu ndipo waone uchungu, miezi 6 imepita zamani. Kanuni inapotoka, saa imeanza kuhesabu siku hiyo, hata kama wewe unastaafu baada ya miaka minne.

Kuna njia nyingine ambayo haina wakili wala ada: Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo. Kazi yake ni kuchambua kanuni zilizowekwa mezani. Chama cha wafanyakazi kinaweza kupeleka andiko la kurasa nne lenye hesabu kama alizotoa mwenzetu wa Ngamiani. Mbunge wa jimbo anaweza kupewa nakala.

---

Msomaji wa Raskazone

Mbona Marekani pensheni ya mtumishi haiguswi kabisa? Tuige huko.

---

Hesabu za Ngamiani

Ndugu, inategemea jimbo. Illinois ndiyo yenye ulinzi mkali: Katiba yao ya 1970, ibara ya 13 kifungu cha 5, inasema uanachama wa mfuko wa pensheni wa umma ni uhusiano wa kimkataba na mafao yake hayatapunguzwa. Bunge la jimbo lilipitisha mageuzi 2013 kwa sababu mifuko ilikuwa na pengo kubwa, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikayafuta yote Mei 2015. Majaji walikataa hata hoja ya hali ya dharura ya fedha.

California haina kifungu kama hicho, ina msimamo wa mahakama tangu 1955: ukimpunguzia mtumishi faida moja, umpe nyingine ya kulingana nayo. Lakini katika hukumu za 2019 na 2020 mahakama yao ililegeza kidogo, ikaruhusu kuziba mianya ya kupandisha mshahara wa mwisho kwa marupurupu ili pensheni ivimbe.

Na Detroit ilipofilisika 2013, jaji wa shirikisho aliamua kwamba sheria ya kufilisika inaweza kugusa pensheni licha ya katiba ya Michigan kuzilinda. Wastaafu wa kawaida wa jiji walikatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza ya kila mwaka. Katiba imeandikwa vizuri, ila mfuko mtupu haulipi.

Somo la karibu zaidi nadhani ni la Uingereza. Mageuzi ya pensheni ya 2015 yenyewe yalisimama. Kilichoanguka ni kinga ya mpito: waliokaribia kustaafu kwa miaka 10 waliachwa kwenye mfumo wa zamani, vijana wakahamishwa. Mahakama ya Rufani ya huko ilisema Desemba 2018 kwamba huo ni ubaguzi wa umri, na Serikali ikalazimika kurekebisha hesabu za kipindi cha Aprili 2015 hadi Machi 2022.

---

Wakili wa Chumbageni

Nyongeza kwa hilo la Uingereza: hoja hiyo haihamishiki hapa moja kwa moja. Ibara ya 13(5) ya Katiba yetu inataja misingi ya ubaguzi: utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Umri haumo. Kwa hiyo hapa Serikali ikitaka kuwalinda waliokaribia kustaafu na kuwahamisha vijana, haina tatizo hilo kwa uzito uleule. Kenya, hapo ng'ambo ya Horohoro, walifanya hivyo: mfuko wao mpya wa kuchangia ulioanza Januari 2021 uliwaingiza walio chini ya miaka 45, na waliovuka umri huo wakapewa hiari. Na makato ya mtumishi yakapandishwa kwa hatua, asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, 7.5 wa tatu.

Hata sisi tuliwahi kufanya hivyo. Kanuni za kuoanisha mafao za 2014 zilichora mstari wa tarehe 1 Julai 2014: waliojiunga PSPF na LAPF kabla ya siku hiyo walibaki na 540, 15.5 na asilimia 50, waliojiunga kuanzia siku hiyo waliingia kwenye 580, 12.5 na asilimia 25. Hiki ndicho kitu ambacho ningekiweka mbele ya majaji watatu kabla ya kingine chochote. Serikali yenyewe ilionesha 2014 kwamba inawezekana kulinda mfuko kwa kuwagusa wapya tu. Ukirudi kwenye kipimo cha Kukutia Ole Pumbun, kwamba usibane zaidi ya inavyohitajika, swali linajiuliza lenyewe: kwa nini 2022 njia hiyo nyepesi haikutosha?

Jibu la Serikali litakuwa hali ya mfuko, na si jibu la kudharau.

---

Afisa Utumishi, Korogwe

Niingilie hapo, maana sababu ya hali ya mfuko inagusa swali la tatu la Mwalimu.

Kabla ya tarehe 1 Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuchangia. Pensheni ilikuwa mzigo wa Hazina. PSPF ilipoanza, ililipa mafao ya watu kwa utumishi wao wote, pamoja na miaka ambayo hakuna senti iliyoingia mfukoni, kwa matarajio kwamba Serikali italeta sehemu hiyo. Haikuleta kwa wakati. Deni hilo la kabla ya 1999 ndilo lililoudhoofisha mfuko kuliko ukarimu wa kikokotoo. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipa sehemu ya deni. Kwa maoni yangu watumishi wana haki ya kulisema hili kwa sauti kila kikao cha utatu, kwa sababu wanaombwa kufidia pengo ambalo hawakulisababisha. Makato yao, asilimia 5 ya mshahara, yalikatwa kila mwezi bila kukosa. Asilimia 15 ni ya mwajiri.

Miezi ya Julai 1996 hadi Juni 1999 inahesabiwa, Mwalimu. Hiyo ni miezi 36. Ila haionekani kwenye taarifa ya michango kwa sababu hakukuwa na mchango. Inathibitishwa kwa karatasi: barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini. Jalada likikosa karatasi hizo, miezi hiyo inabishaniwa. Kwa mfano wako, kila mwezi una thamani ya shilingi 124,138 kwenye mkupuo na 1,241 kwenye pensheni ya kila mwezi. Miezi 36 ni shilingi 4,468,966 za mkupuo na karibu 44,700 za kila mwezi maisha yote. Hakuna kesi ya katiba itakayokuletea fedha hizo haraka kuliko kwenda masijala kulifungua jalada.

Jambo jingine linaloumiza kimyakimya ni wastani wa mshahara. Sasa unachukuliwa wastani wa mishahara bora ya miaka 3 ndani ya miaka 10 ya mwisho. Mtu aliyekuwa na 1,050,000 kwa miaka miwili na 1,200,000 mwaka mmoja tu ana wastani wa 1,100,000. Mkupuo wa asilimia 40 unashuka hadi 40,965,517, pungufu ya milioni 3.7. Kwa hiyo kupandishwa cheo kukichelewa, hasara haiishi kwenye malimbikizo. Malimbikizo yakilipwa, hakikisha na mchango wake umepelekwa na umeandikwa kwenye mwezi unaohusika, si kurundikwa kwenye mwezi wa malipo. Ukirundikwa, mfumo unasoma mwezi mmoja mkubwa na mingine midogo, na anayekokotoa hawezi kujua bila barua.

Majina nayo. Barua ya 1996 ina majina mawili, kitambulisho cha Taifa kina matatu, cheti kina herufi tofauti. Kiapo cha majina kifanyike mapema, mwaka mmoja kabla. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki kwa kiapo: inayotumika ni ile uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza.

---

Mwalimu wa Muheza

Nawashukuru sana ndugu zangu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Maswali mawili ya mwisho. Kama watumishi kadhaa wakitaka kwenda mahakamani kuhusu kigawanyo, hatua ni zipi? Na je, mahakama ikikubali, kikokotoo cha zamani kinarudi papo hapo?

---

Wakili wa Chumbageni

Njia sasa ni shauri la kikatiba chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3, kwa kuwa muda wa mapitio ya kimahakama kwa kanuni za 2022 umekwisha.

Marekebisho ya 2020 yalimtaka mwombaji aoneshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa sharti hilo chama hakikuweza kusimama peke yake na kusema kinatetea wanachama. Tafuteni mwombaji mwenye karatasi ya ukokotoaji inayoonesha 580 ikiwa imetumika kwenye miezi yake yote. Aliyekwisha kustaafu baada ya Julai 2022 anafaa kuliko anayesubiri, kwa sababu athari yake ina namba. Kiambatisho kiwe na safu mbili: miezi iliyotumikiwa kabla ya tarehe 1 Julai 2022 ikokotolewe kwa 540, iliyobaki kwa 580. Kwa miezi 360 ya Mwalimu, miezi 312 ingeangukia kwenye 540 na 48 kwenye 580. Dai la namna hiyo lina kiasi, na majaji huliangalia kwa macho tofauti na dai la kurudisha kila kitu.

Marekebisho hayohayo yalitaka uwe umemaliza njia nyingine zilizopo. Kwa hiyo kabla ya yote, andika malalamiko kwa mfuko, yapokelewe kwa muhuri na tarehe, na udai jibu la maandishi. Jibu la mdomo kaunta halikusaidii. Mkitaka pia kudai fedha kwa shauri la madai la kawaida, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90, na tangu 2020 sharti hilo pamoja na la kumuunganisha Mwanasheria Mkuu linahusu hata taasisi na mashirika ya umma. Nakala ya notisi iende kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Kesi nyingi dhidi ya taasisi za umma zinatupwa kwa kukosa karatasi hiyo moja, bila hoja kusikilizwa.

Shauri la kikatiba linafunguliwa Mahakama Kuu, na linasikilizwa na majaji watatu. Vifungu nilivyotaja vihakikiwe kwenye toleo la karibuni la sheria zilizorekebishwa kabla ya kuandika hati, namba zinaweza kuwa zimesogea.

Swali la pili: hapana, si papo hapo. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kutangaza sheria ni batili, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro, na sheria inabaki hai mpaka muda huo uishe. Kwa jambo linalogusa fedha za mfuko mzima, natarajia majaji watachukua njia hiyo. Kwa hiyo anayestaafu Julai 2026 asikatae malipo akisubiri hukumu. Apokee, aandike barua siku hiyohiyo kwamba amepokea bila kukubaliana na kigawanyo kilichotumika, na nakala igongwe muhuri.

---

Afisa Utumishi, Korogwe

Na kabla ya barua hiyo, Mwalimu, taarifa ya kustaafu miezi 6 kabla iwe imefika kwa mwajiri. Jalada la mafao liwe na barua ya ajira, ya kuthibitishwa, za vyeo zote, slipi za mshahara za vipindi vya kila cheo, kitambulisho cha Taifa na akaunti ya benki yenye majina yaleyale. Chapisha taarifa ya michango kutoka kwenye mfumo wa wanachama, ukae na kalamu, upige alama kila mwezi uliokosekana kuanzia Julai 1999. Mapengo mengi huwa kwenye miezi ya uhamisho kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa. Pengo likiwa la halmashauri ya zamani, mfano Kilindi au Handeni, barua inaandikwa na mwajiri wa sasa kwenda kule, na inachukua muda. Usiibebe mwenyewe mkononi bila nakala kubaki masijala.